Kutoka Kivuli cha Alexandria hadi Longitudo ya 30: Umbo na Ukubwa wa Dunia katika Historia ya Upimaji Barani Afrika

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna wanadamu walivyofikia ujuzi wa umbo na ukubwa wa dunia, na nafasi ya ardhi ya Afrika katika ujuzi huo. Mfano unaofuatwa ni longitudo ya 30 mashariki, mstari unaopita karibu na Alexandria na kuvuka Uganda, Rwanda, Burundi na magharibi mwa Tanzania kuelekea kusini mwa bara. Hoja kuu ni kwamba umbo la dunia halikufahamika kwa ugunduzi mmoja. Lilifahamika kwa mfululizo wa vipimo ambavyo kila kimoja kiliacha tofauti ndogo, na tofauti hiyo ikawa mwanzo wa swali jipya. Vipimo hivyo vya kale vingali ndani ya ramani, hati za ardhi na maelezo ya mipaka ya ukanda huu. Kwa sababu hiyo, makala yanapendekeza lugha ya Kiswahili itofautishe nyuso tatu za dunia ambazo kwa sasa huchanganywa chini ya neno moja.

1. Utangulizi

Sentensi "dunia ni duara" hufundishwa mapema shuleni, na imekwisha kuingia katika misemo ya kila siku. Hata hivyo, kwa Kiswahili sanifu duara ni umbo bapa: sahani ni duara, sarafu ni duara, na alama iliyochorwa kwa bikari ni duara. Umbo la chungwa au mpira huitwa tufe. Mtoto anaweza kuikariri sentensi hiyo na kupata alama zote huku akilini mwake dunia ikiwa bado ni sinia. Kasoro hii ya msamiati inaonekana ndogo, lakini inafunua jambo kubwa zaidi, nalo ni kwamba tumezoea kupokea jibu bila kupokea njia iliyolileta.

Njia hiyo ina historia ndefu. Tangu zama za Aristotle, karne ya 4 kabla ya Kristo, hoja mbili za msingi zilikuwa zikijulikana. Kwanza, wakati wa kupatwa kwa mwezi, kivuli cha dunia juu ya mwezi huwa na ukingo wa mviringo. Sahani nayo inaweza kutoa kivuli cha namna hiyo, lakini kwa baadhi tu ya mielekeo ya mwanga. Ni tufe pekee litoalo kivuli cha mviringo kutoka kila upande. Pili, msafiri anayeelekea kusini huona nyota za kaskazini zikishuka na nyota mpya zikipanda mbele yake. Kama dunia ingekuwa bapa, badiliko hilo lisingetokea kwa safari ya siku chache.

Hoja ya pili ilikuwa maarifa ya kazi kwa manahodha wa Bahari ya Hindi. Chombo kilichotoka Oman kuelekea Kilwa kiliiacha Nyota ya Kaskazini ikizama kidogo kidogo nyuma yake. Ahmad ibn Majid, rubani wa karne ya 15 mzaliwa wa Julfar, ambaye aliandika pia kuhusu njia ya Sofala, alieleza elimu hiyo kwa kipimo cha isba, yaani upana wa kidole kilichonyooshwa mbele ya jicho. Duara zima la mbingu lilihesabiwa kuwa isba 224, na kila isba moja ya kupanda au kushuka kwa nyota ilichukuliwa kuwa sawa na safari ya zam 8 kuelekea kaskazini au kusini, zam moja ikiwa ni mwendo wa saa tatu. Anayezidisha 224 kwa 8 anapata mzunguko wa dunia kwa kipimo cha baharia: siku 224 za kusafiri mfululizo. Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa ndani ya elimu hii karne nyingi kabla ya ramani za kikoloni.

2. Kivuli na kisima

Kipimo cha kwanza cha ukubwa wa dunia ambacho mbinu yake inafahamika kwa uhakika kilifanywa Misri katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Eratosthenes, mkuu wa maktaba ya Alexandria, alikuwa na habari kwamba huko Syene, yaani Aswan ya leo, adhuhuri ya siku ndefu kuliko zote jua husimama utosini na vitu vilivyosimama wima havitoi kivuli. Siku hiyo hiyo Alexandria kivuli kilikuwepo, na pembe yake ilikuwa sehemu ya 50 ya duara, yaani digrii 7.2. Kwa kuwa umbali kati ya miji hiyo ulihesabiwa kuwa stadia 5,000, mzunguko wa dunia ulipaswa kuwa mara 50 ya umbali huo, yaani stadia 250,000.

Kitabu chenyewe cha Eratosthenes kimepotea. Maelezo haya yamehifadhiwa na Cleomedes, mwandishi wa baadaye. Urefu wa stadia aliyoitumia unabishaniwa, na kwa hiyo dai kwamba alikosea kwa asilimia ndogo fulani halina msingi imara. Aidha, Aswan haiko chini ya tropiki kamili, na haiko moja kwa moja kusini mwa Alexandria bali imesogea takriban digrii 3 mashariki. Thamani ya kazi yake iko katika umbo la hoja: pima pembe kutoka angani, pima umbali ardhini, kisha linganisha. Kwa zaidi ya miaka 2,000 iliyofuata, karibu kila kipimo cha dunia kilirudia hoja hiyo kwa vifaa bora zaidi.

Takriban mwaka 830, kwa amri ya Khalifa al-Ma'mun wa Baghdad, wanajimu walikwenda katika tambarare ya Sinjar, nchini Iraq ya leo. Walitembea kaskazini na kusini wakipima ardhi kwa kamba mpaka nyota ilipopanda au kushuka kwa digrii moja, na mojawapo ya matokeo yaliyorithiwa kutokana na kazi hiyo ni maili 56 na theluthi mbili kwa digrii. Karne mbili baadaye, al-Biruni alipanda mlima karibu na ngome ya Nandana, katika Pakistan ya leo. Alipima kimo cha mlima, kisha pembe ndogo ambayo upeo wa macho huinama chini ya mstari mlalo. Kwa namba hizo mbili alikokotoa nusu kipenyo cha dunia bila kutembea jangwani. Ugumu wa njia yake ulikuwa katika pembe yenyewe: ilikuwa chini ya digrii moja, na hewa hupinda mwanga kiasi cha kuiharibu.

3. Timazi iliyovutwa na mlima

Hadi karne ya 17 swali lilikuwa la ukubwa tu. Umbo lilichukuliwa kuwa tufe kamili. Mwaka 1672 Jean Richer alipeleka saa ya pendulamu kutoka Paris hadi Cayenne, karibu na ikweta, na akakuta inachelewa takriban dakika mbili na nusu kila siku. Ilimlazimu afupishe pendulamu. Newton alilifafanua jambo hilo kwa hoja kwamba dunia inayozunguka hutuna kwenye ikweta na kubonyea kwenye ncha, hivyo uvutano wa ikweta ni hafifu kidogo. Ukoo wa Cassini, uliosimamia upimaji wa Ufaransa, ulishikilia kinyume chake, kwamba dunia imerefuka kuelekea kwenye ncha.

Ubishi huo ulikatwa kwa miguu. Ufaransa ilituma msafara mmoja kuelekea Peru ya wakati huo mwaka 1735 na mwingine Lapland mwaka 1736. Digrii moja ya latitudo ilionekana kuwa ndefu zaidi kaskazini kuliko karibu na ikweta. Kwenye ncha, basi, uso wa dunia umelala zaidi, na Newton alikuwa na haki. Umbo la dunia likawa duaradufu lililozungushwa, lililonenepa kiunoni.

Ikabaki nusu ya kusini. Mwaka 1752 Nicolas-Louis de Lacaille alipima sehemu ya longitudo kaskazini mwa Cape Town. Kazi yake ilikuwa makini, lakini jibu lilikuwa la kushangaza: digrii ya Cape ilikuwa ndefu mno kwa latitudo yake, kana kwamba nusu ya kusini ya dunia ina umbo tofauti na ya kaskazini. Kwa miongo mingi wataalamu walibaki na chaguo mbili zisizopendeza, ama kuamini kwamba dunia haina ulinganifu, ama kumtuhumu mpimaji hodari kwa uzembe.

Ufumbuzi uliletwa na kifaa ambacho kila fundi uashi anakifahamu. Timazi huaminiwa kuonyesha wima, na pembe za nyota hupimwa kutokana na wima huo. George Everest, mpimaji wa India, aliitembelea Cape mwaka 1820, akaikagua ardhi ya Lacaille na kutoa hoja kwamba milima iliyo jirani na vituo vya kupimia iliivuta timazi. Thomas Maclear alirudia na kurefusha kipimo hicho katika miaka ya 1840, akithibitisha kwamba pembe za Lacaille zilipotoshwa na mvutano wa milima. Nusu ya kusini haikuwa na umbo la ajabu, na mpimaji hakuwa mzembe.

Funzo la Cape linavuka mipaka ya Cape. Ikiwa timazi huvutwa na mlima, basi wima wa mahali ni jambo la mahali, na uso mlalo unaoambatana nao, ule ambao maji yaliyotulia yangeufuata, una mabonde na vilima vyake. Uso huo ndio ulioitwa baadaye jioidi. Hulingana kwa ukaribu na usawa wa wastani wa bahari, na hupanda na kushuka kwa makumi ya mita kuuhusu umbo laini la hesabu. Tangu hapo swali la umbo la dunia halikuwa tena na jibu moja.

4. Longitudo ya 30

Mwaka 1879 David Gill alianza kazi ya mwanafalaki mkuu wa Cape, na mwaka huo huo alipendekeza mnyororo wa pembetatu utakaopanda bara zima hadi Misri kwa kuifuata longitudo ya 30 mashariki. Mbinu yenyewe ni rahisi kueleza na ngumu kutenda. Msitari mmoja wa msingi hupimwa ardhini kwa uangalifu mkubwa. Kutoka ncha zake hupimwa pembe za kilele cha tatu, na hesabu ya pembetatu hutoa urefu wa pande nyingine bila mtu kuzitembea. Pande hizo huwa misingi ya pembetatu zinazofuata, kilima kwa kilima. Vioo viliakisi jua mchana na taa ziliwashwa usiku ili kilele kimoja kikione kingine. Vyombo vizito vya kupimia pembe, saruji ya nguzo na maji ya kambi vilipanda vilima hivyo kwa mabega ya wapagazi, ambao bila wao namba hizo zisingekuwepo.

Katika eneo la Maziwa Makuu, mstari huo ulikuwa tayari na uzito wa kisiasa. Mkataba wa Mei 1894 kati ya Uingereza na Mfalme Leopold II uliitumia longitudo ya 30 kama mpaka wa Kongo na himaya ya Uingereza. Waliotia saini walichora mstari juu ya karatasi. Hapakuwa na mtu aliyejua kwa uhakika unapita juu ya kilima kipi. Tume ya Uingereza na Ubelgiji ilipopima mwaka 1907 na 1908, ilidhihirika kwamba mstari halisi haukuwa pale ulipowekwa na ramani za awali. Suala la nani amiliki Ruwenzori na ardhi inayouzunguka likafunguliwa upya, na makubaliano ya Brussels ya mwaka 1910 yakaiacha longitudo na kuchukua alama za asili, ukiwemo mto Semliki na kilele cha Margherita. Jamii zilizokuwa zikilima, kufuga na kuoana kuvuka maeneo hayo hazikuulizwa katika hatua yoyote ya hizo mbili.

Kutokana na kazi hiyo ya mpaka, fursa ya kisayansi ilipatikana. Mwaka 1908 na 1909 kundi la wapimaji liliendelea kupima sehemu ya mnyororo wa Gill nchini Uganda, ng'ambo hii na ile ya ikweta. Kwa miaka mingi kipande hicho kilisimama peke yake, kikisubiri kuungwa kusini na kaskazini. Kusini, mnyororo ulikuwa umefika karibu na Ziwa Tanganyika kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Kuanzia 1931 Martin Hotine aliongoza upimaji katika Tanganyika, na pengo la kusini likazibwa kabla ya Vita Kuu ya Pili. Pengo la mwisho, lile la kusini mwa Sudan, lilizibwa na wapimaji wa jeshi la Marekani mwaka 1954. Gill alikuwa amefariki miaka 40 kabla.

Matokeo yalikuwa mnyororo wa zaidi ya digrii 60 za latitudo, takriban kilomita 7,000. Yafaa kukumbuka kwamba longitudo ya 30 hupita karibu kabisa na Alexandria, kama inavyopita karibu na Gitega, Kigali na Kasese. Kipimo kilichoanza na kivuli cha mji ule kwa digrii 7.2 kilikuwa kimekamilishwa, kwa hoja ile ile ya pembe na umbali, hadi upande wa pili wa bara.

5. Vipimo vya kale ndani ya ramani za leo

Kutokana na mnyororo huo ilikokotolewa misingi miwili ya vipimo. Arc 1950 ilitumika Zambia, Zimbabwe, Malawi, Botswana na kwingineko. Arc 1960 ilitumika Kenya, Uganda na Tanzania. Yote miwili imesimama juu ya duaradufu lililokokotolewa na Alexander Ross Clarke mwaka 1880, lenye nusu kipenyo cha ikweta cha takriban mita 6,378,249.

Setilaiti zilileta msingi mwingine. Kwa kuwa setilaiti huzunguka kitovu cha uzito wa dunia nzima, mwendo wake hupima dunia yote kwa pamoja badala ya kuanzia nguzo moja ya mahali. Mfumo wa WGS 84, unaotumiwa na vipokezi vya GPS pamoja na simu za mkononi, una nusu kipenyo cha ikweta cha mita 6,378,137 na cha ncha cha takriban mita 6,356,752. Tofauti ya kilomita 21 kati ya namba hizo ndiyo unene wa kiuno ambao Newton aliutabiri.

Tofauti kati ya Clarke na WGS 84 ni mita 112 tu, lakini kitovu cha duaradufu la Arc 1960 hakilingani na kitovu cha uzito wa dunia. Matokeo yake ni kwamba, katika Afrika Mashariki, nukta ile ile ya ardhi ina namba mbili zinazotofautiana kwa takriban mita 300, sehemu kubwa ikiwa katika mwelekeo wa kaskazini na kusini. Ofisa anayechukua namba kutoka katika simu na kuiweka juu ya ramani ya zamani bila kuibadilisha anaweza kulihamisha shamba hadi katika kijiji cha jirani. Jiwe la mpaka kati ya Tanzania na Zambia linaweza kuwa na namba moja katika kumbukumbu za upande mmoja na nyingine katika za upande wa pili, huku wote wawili wakiwa wamepima vizuri.

Urefu wa milima una tatizo lake. Kilimanjaro hutajwa kuwa na mita 5,895. Upimaji wa GPS wa mwaka 1999, uliowashirikisha wataalamu wa Tanzania na Ujerumani, ulitoa mita 5,892.55. Gazeti litasema mlima umepungua. Mpimaji atauliza kwanza: urefu kutoka uso upi? Setilaiti hupima kutoka duaradufu la hesabu, ilhali mazoea ya watu ni kupima kutoka usawa wa bahari, na chini ya mlima ulio mamia ya kilomita kutoka pwani hakuna bahari ya kuangalia. Jioidi ya mahali hapo lazima ikokotolewe, na usahihi wa urefu hauwezi kuzidi usahihi wa jioidi.

Nchi za ukanda huu zimeanza kuhama. Afrika Kusini ilibadili msingi wake rasmi tarehe 1 Januari 1999, Tanzania imejenga msingi mpya unaojulikana kama TAREF11, na mradi wa AFREF unakusudia kuunganisha bara zima katika mfumo mmoja. Lakini hati, hukumu na mikataba iliyoandikwa kwa mifumo ya zamani haihami yenyewe. Rwanda, ambayo tangu mwishoni mwa miaka ya 2000 imesajili zaidi ya viwanja milioni 10, inaonyesha ukubwa wa kazi inayoweza kutegemea msingi mmoja wa vipimo.

6. Nyuso tatu, istilahi tatu

Historia hii inaonyesha kwamba usemi "umbo la dunia" unabeba mambo matatu. Lipo umbo la ardhi yenyewe, lenye milima na mabonde, ambalo watu hulikanyaga. Lipo umbo la uso mlalo wa uvutano, ambalo timazi na maji hulifuata. Na lipo umbo laini la hesabu, ambalo ramani na setilaiti hulitumia. Uwanja wa kwanza ni wa mkulima, wa pili ni wa mhandisi wa mifereji, na wa tatu ni wa mchora ramani. Mgogoro huzuka pale maandishi ya kisheria yanapotaja kimoja na fundi akapima kingine.

Kiswahili kina uwezo wa kuzitofautisha. Kwa uso wa kwanza, "uso wa ardhi" unatosha. Kwa wa pili, jioidi linaweza kutumiwa na wataalamu, sambamba na "uso wa timazi" katika maandishi ya umma, kwa kuwa istilahi hiyo inabeba maana yake katika kifaa kinachojulikana. Kwa wa tatu, "duaradufu la dunia" linatokana na neno lililokwisha kukubalika katika hisabati. "Msingi wa vipimo" nalo lingetaja mfumo ambao namba za mahali zimetolewa kwao. Neno tufe libaki kwa maelezo ya jumla ya shule, na duara lirudishwe kwenye umbo bapa.

Faida ya istilahi hizi ni ya kivitendo. Mashauri ya ardhi husikilizwa kwa Kiswahili katika mabaraza mengi ya ukanda huu, na mwananchi anayeambiwa kwamba kiwanja chake "kimesogea" ana haki ya kuelewa kwamba kilichosogea ni namba. Bila msamiati wa kulieleza jambo hilo, maelezo ya kweli ya fundi husikika kama hila.

7. Hitimisho

Ujuzi wa umbo na ukubwa wa dunia umejengwa kwa kuheshimu tofauti ndogo: saa iliyochelewa dakika mbili na nusu, digrii iliyozidi urefu, timazi iliyoinama kuelekea mlimani. Katika hatua kadhaa zilizoamua mambo, ardhi iliyopimwa ilikuwa ya Afrika, kuanzia Aswan na Alexandria, Cape, hadi vilima vya Maziwa Makuu. Namba zilizopatikana zingali zinagawa mashamba na mataifa.

Mambo matatu yanafuata kwa watunga sera. Kwanza, kila hati ya ardhi, hukumu ya mipaka na makubaliano kati ya nchi itaje waziwazi msingi wa vipimo uliotumika. Namba isiyo na msingi haionyeshi mahali. Pili, nguzo za mnyororo wa longitudo ya 30 zilindwe kwa sheria kama kumbukumbu na kama ushahidi, kwa maana nguzo inapong'olewa, njia ya kuhakiki ramani iliyozaliwa nayo hung'olewa pia. Tatu, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Zanzibar, kwa kushirikiana na idara za upimaji za nchi wanachama, isanifishe istilahi za fani hii kabla kila nchi haijabuni za kwake. Kinyume cha hapo, wapimaji wa nchi mbili watakutana kwenye jiwe moja la mpaka wakiwa na namba mbili, kisha wakakosa hata lugha moja ya kuelezana sababu.